Vikombe Chini ya Kabati

Nianze kwa kujitambulisha, maana pale shuleni hakuna aliyewahi kujisumbua kufanya hivyo. Mimi ndiye mwanamke wa usafi katika shule ya chekechea yenye madarasa manne, vyoo sita na mkuu wa shule mmoja, ambaye kwa kelele anayashinda madarasa yote manne. Watoto wananiita Mama Fagio. Watu wazima wananiita "wewe" au "hebu njoo", inategemea wameamkaje.

Mkuu wetu tunamwita Madam. Mwanzoni mwa muhula Madam alikwenda semina ya siku mbili, akarudi na cheti cha karatasi ngumu na neno moja jipya: hisia. Loh, tulikoma! Watoto wasifundishwe kwa kukaririshwa tu, washike, wanuse, wamwage, wapapase. Tulikuwa tumepokea watoto watatu wenye usonji, na wazazi wao walikuwa wanauliza maswali, kwa hiyo Madam akaamuru darasa la watoto wa miaka minne lifunguliwe Kona ya Hisia. Likatundikwa bango la rangi saba. Chini ya bango likawekwa beseni la mchanga, beseni la maji, masponji, vitambaa vya manyoya, na beseni moja kubwa jekundu lililojaa maharagwe ya kila aina, mekundu, meupe na yale ya madoadoa.

Mtaniuliza, Madam alinunua maharagwe? Thubutu! Jikoni kulikuwa na gunia ambalo Mpishi alilikataa kwa sababu wadudu walikuwa wameshajipakulia kabla yetu. Nusu ya punje zilikuwa zimebunguliwa, zina vitundu kama zimetobolewa kwa sindano. Madam akaingiza mkono guniani, akafumba macho, akasema, "Haya si ya kula. Haya ni ya hisia." Mimi na Mpishi tukatazamana, tukainama kubeba gunia.

Basi watoto wakahisi, na mimi nikafagia. Wakihisi mchanga, nafagia mchanga. Wakihisi maji, napiga deki. Hakuna semina hata moja iliyowahi kueleza hisia za mtu anayeokota maharagwe chini ya viti ishirini na sita akiwa na mgongo wangu. Mikono yangu nayo ina hadithi yake. Dawa ya sakafu tuliyopewa ni kali, na dole gumba langu la kulia limepasuka ufa usiopona, kipande kizima cha nyama kimebonyea pale ubavuni mwa ukucha.

Sasa nimlete mwenyewe. Kati ya wale watoto watatu alikuwapo binti mmoja wa miaka minne na nusu ambaye tangu aje hakuwahi kutamka neno zaidi ya "mm". Mpishi ndiye aliyempa jina la Mkaguzi, kwa sababu hakupita mahali bila kupitisha kidole: kwenye miimo ya milango, kwenye vifungo vya gauni lako, kwenye ukingo wa sufuria. Anapapasa, anatulia kidogo, anakwenda zake. Hakutazami usoni hata umwimbie. Baba yake ni fundi cherehani, mtu mpole kupita kiasi. Alikuwa amemshonea sare yenye mishono kwa nje, ikaonekana kama mtoto kavaa nguo ndani nje. Wiki ya kwanza tu Madam akamsimamisha getini.

"Baba Mkaguzi," maana hata yeye jina lilikuwa limeshamnata, "shule yetu ina sura yake. Mtoto anavaaje hivi?"

"Mwalimu mkuu, mshono ukimgusa ngozi analia mpaka anatapika," baba akajibu. "Nikaona niutoe nje. Sare ni ile ile."

Madam akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye picha. Hisia ni nzuri zikiwa kwenye bango, si kwenye sare.

Yule baba alikuwa na sababu ya kuwa mpole. Shule tatu zilikuwa zimeshamrudishia mtoto. Mkewe hufanya kazi kiwandani, anatoka kabla hakujapambazuka. Bila shule, Mkaguzi hushinda chini ya meza ya cherehani, baba anakanyaga pedali, mtoto kakaa kati ya mguu na waya wa umeme. Aliniambia haya mwenyewe siku moja akimsubiri, na akamalizia, "Dada, hii ndiyo ya mwisho. Nyingine hakuna." Nikamwambia Mungu yupo, nikaendelea na ndoo yangu. Nilijua kabisa kwamba Mungu yupo na Madam pia yupo.

Tatizo la Mkaguzi lilikuwa saa mbili na robo. Kila siku ya Mungu, saa mbili na robo asubuhi, anaingia darasani, hasalimii mtu, anakwenda moja kwa moja kwenye kabati la Kona ya Hisia, analala kifudifudi, anachungulia chini. Halafu anapiga kelele. Si kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu, hapana, ni ukelele unaokuingia kwenye meno. Anapindua beseni jekundu, maharagwe yanatiririka mpaka ukumbini, wenzake nao wanaangua vilio, Ticha anambeba kumtoa nje. Ticha ni binti mdogo mwenye watoto ishirini na sita na sauti iliyokwisha. Na nani anafagia? Haya, jibuni wenyewe.

Mimi mdomo wangu hauna breki. Wiki ya tatu nikamfuata Madam ofisini. "Madam, yule mtoto atanimaliza. Ana vurugu, hana hata sababu." Madam akanisikiliza kwa makini, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, akachukua kalamu akaandika. Nikatoka nimefura kichwa, eti leo nimesikilizwa.

Kulikuwa na jambo jingine nililolifanya kila alasiri, na nililifanya kwa majivuno. Watoto wakishaondoka, nikiinama chini ya lile kabati, nilikuta vikombe viwili vya plastiki, kimoja cha buluu, kimoja cha njano, vimejaa maharagwe. Mekundu, meupe, ya madoadoa, yote yamechanganyika, hakuna mpango wowote. Uchafu mtupu. Nikayamwaga yote kwenye beseni, nikayakoroga yalingane, nikaosha vikombe, nikavitundika kwenye misumari pamoja na vingine. Kona ikabaki inang'aa. Nilisimama mlangoni kuitazama kabla ya kuzima taa, nikajipongeza mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kunipongeza.

Jumanne huwa anakuja Mtaalamu. Huyu ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, anazunguka shule kadhaa kupima watoto. Si mtu mbaya, ana haraka tu, na ana fomu. Akamkalisha Mkaguzi mezani, akaweka bakuli jekundu na bakuli jeupe, akamwaga katikati kiganja cha maharagwe ya beseni letu jekundu. "Mekundu huku, meupe huku. Haya, mama, tuanze."

Mkaguzi akachukua punje nyeupe, akaisugua kwa kidole gumba, akaitia bakuli jekundu. Akachukua nyekundu, akaisugua, bakuli lile lile. Akachukua nyekundu nyingine, akaisugua kwa muda mrefu, akaitia bakuli jeupe. Mtaalamu akahema. Nilikuwa nafuta madirisha, nikamwona anaandika, na kwa kuwa nina macho marefu nikasoma: Hatofautishi rangi. Hafuati maelekezo. Mlipuko kila asubuhi bila sababu.

Jumatano Madam akatangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na kikao. Mtaalamu, Ticha, baba mtu na yeye, wakae waamue kama "mazingira yetu yanamfaa mtoto". Mimi nimefanya kazi pale miaka tisa, najua Kiswahili cha Madam. Mazingira yetu yakianza kuulizwa kama yanakufaa, anza kufunga begi. Ticha alijikaza kisabuni, akaniambia jikoni akipoza chai yake, "Anajua kitu huyu mtoto. Wenzake wakilala mchana yeye anajibanza nyuma ya kabati na vikombe vyake, ametulia kabisa. Lakini nitawaambia nini? Kwamba ametulia?" Nikasikia, ikaingia huku ikatokea kule.

Alhamisi Madam akataka shule ing'ae kwa ajili ya wageni. Nikapiga deki mara mbili, nikafika kwenye Kona nikiwa hoi. Nikavitoa vile vikombe viwili, na mgongo ukagoma. Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakagusa kidevu, kikombe cha buluu mkononi, nikisubiri nguvu za kumwaga.

Mkono wangu ukaanza wenyewe. Mtu aliyechambua maharagwe tangu ana miaka saba haambiwi, mkono ukiona maharagwe unachambua. Vidole vikaingia kikombeni kutafuta punje mbovu ya kutupa. Havikuipata. Nikatafuta tena. Nikazimwaga punje zote kwenye aproni yangu, nikazipekua moja moja chini ya dirisha. Nyekundu, nyeupe, za madoadoa, zote nzima, laini, hakuna hata moja yenye tundu. Kutoka kwenye gunia lile! Nikamwaga cha njano kwenye upande mwingine wa aproni. Zote mbovu. Kila punje ina kitundu, kingine kidogo mno hata macho yangu hayakukiona, mpaka nilipokipapasa.

"Mpishi!" nikaita. "Njoo huku, acha hiyo sufuria!"

Mpishi akaja akijifuta mikono, akavaa miwani, akapekua aproni yangu kama daktari. "Nani kachambua hivi? Mimi mwenyewe gunia hili lilinishinda."

"Mkaguzi."

"Huyo huyo asiyejua rangi?"

"Nani kazungumzia rangi? Anachambua, mwenzangu. Anachambua kwa kidole."

Mpishi akacheka, mimi pia nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Nilikuwa nimeikumbuka saa mbili na robo. Mtoto anaingia, analala kifudifudi, anachungulia. Anatafuta kazi yake ya jana. Anakuta sakafu inang'aa.

Hebu jiulize. Umefua nguo za familia nzima, umeanua, umepiga pasi, umekunja. Asubuhi unazikuta zote zimerudi kwenye beseni, zimelowa tope, na hakuna wa kumuuliza kwa sababu hujui kusema. Unafua tena. Kesho tena. Wiki saba! Mimi ningevunja madirisha. Yeye alipiga kelele tu, halafu mchana akakaa nyuma ya kabati akaanza upya, punje moja moja. Na aliyekwenda ofisini kusema hana sababu ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Nililia pale pale kwenye kile kiti cha mtoto. Mpishi akaniacha nilie, akarudi jikoni, maana sufuria ilikuwa inaungua.

Nikazirudisha punje zote vikombeni, nzima kwenye buluu, mbovu kwenye njano, nikahakikisha mara tatu. Nikavisukuma chini ya kabati mpaka pale palipokuwa na alama mbili za duara sakafuni. Wiki saba nilikuwa nazisugua zile alama nikidhani ni uchafu.

Ijumaa wote wakawahi. Madam alikuwa amewapangia viti darasani kabisa, eti "tushuhudie hali halisi", yaani waketi kama wako sinema wasubiri mtoto alipuke. Mtaalamu na fomu yake. Ticha kavimba macho. Baba mtu kavaa koti alilolishona mwenyewe, kakaa kwenye ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti. Mimi sikualikwa, nikasimama mlangoni na fagio. Mtu mwenye fagio haulizwi anafanya nini.

Saa mbili na robo Mkaguzi akaingia. Akaenda kwenye kabati. Akalala kifudifudi. Madam akatazama saa yake ya mkononi kisha akamtazama Mtaalamu, kama mtu anayesema, sasa utaona.

Ukelele haukuja.

Mkaguzi alibaki pale chini muda mrefu sana. Nilimwona anaingiza mkono, anapapasa kikombe cha kwanza, anapapasa cha pili. Akaingiza kidole ndani ya cha buluu, akakoroga. Akaingiza ndani ya cha njano. Halafu akasema, "Mm." Akavitoa vyote viwili, akaenda kukaa kando ya beseni jekundu, akachukua punje, akaisugua, akaanza kazi.

"Leo ametulia," Mtaalamu akasema. "Huwa inatokea."

"Siku moja haifuti wiki saba," Madam akasema, akafungua faili. "Tunaye mwalimu aliyechoka, tunao wazazi wanaolalamika, hata mfanyakazi wa usafi ameleta malalamiko, haya hapa nimeyaandika. 'Ana vurugu, hana hata sababu.'"

Baba mtu akageuka kunitazama. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama mtu aliyezoea.

"Naomba niseme," nikasema.

"Mama, hukuitwa."

"Najua, Madam. Hata kumwaga vikombe sikuitwa." Nikaingia na fagio langu mpaka katikati. "Hiyo sababu ni mimi. Kila alasiri anaacha maharagwe aliyoyachambua chini ya kabati, nzima huku, mbovu kule, na kila alasiri mimi nayamwaga, nayachanganya. Asubuhi anakuta hakuna kitu. Jana sikumwaga. Ndiyo hayo mnayoyaona."

"Kuchambua nini?" Madam akang'aka. "Si amechanganya rangi zote?"

"Hachambui rangi. Mtaalamu, nakuomba, shika mwenyewe. Usitazame. Shika."

Mtaalamu akanitazama, akatazama fomu, akainuka. Akapiga magoti karibu na Mkaguzi, si karibu sana, akachukua punje tano kutoka kikombe cha buluu akazisugua. Akachukua tano za njano. Akavua miwani, akafumba macho, akarudia. Mkaguzi akaendelea na kazi yake, hana habari na mtu.

"Haya yana matundu," Mtaalamu akasema taratibu.

"Yote ya kikombe hicho."

"Na haya hayana hata moja." Akazirudisha kila moja mahali pake. "Lile bakuli langu jekundu siku ya Jumanne..." Akatazama fomu yake. Halafu akamgeukia Madam. "Samahani, lakini kwa nini watoto wamewekewa maharagwe yaliyobunguliwa?"

Madam akashikwa na kikohozi. Kikohozi kirefu, cha heshima, kilichohitaji maji. Nikamletea maji. Mimi ni mtu wa kazi.

Baba mtu ndipo akasema, sauti imepotea nusu. "Vifungo. Nyumbani ananipekulia kopo la vifungo. Vilivyo na ufa ananirudishia mkononi, kimoja kimoja. Nilidhani ananitupia." Akafunika uso kwa mikono miwili, mabega ya lile koti zuri yakawa yanatikisika, na Ticha akasogeza kiti chake akakaa naye.

Mtaalamu akarudi mezani. Akakata mstari kwenye Hatofautishi rangi. Alipofika kwenye bila sababu akasita, kisha akakata na hapo, akaandika juu yake. Macho yangu marefu yakasoma: Sababu: usafi. Nilistahili. Akamwambia Madam kwamba mtoto abaki, vikombe vyake visiguswe na mtu yeyote, na kwamba kosa la kupima lilikuwa lake. Madam, baada ya kupona kikohozi, akatangaza kwamba shule yetu imekuwa ikiamini hivyo tangu mwanzo. Alitaka hata liandikwe bango jingine.

Walipotoka, nikaegemeza fagio ukutani, nikapiga magoti kando ya beseni. Magoti yakalia kama mlango mbovu. "Nisamehe, mama," nikamwambia. "Sikujua. Nilikuwa nasafisha."

Hakunitazama. Akamaliza punje aliyokuwa nayo, akaitia kikombe cha buluu. Kisha mkono wake mdogo ukanishika dole gumba la kulia. Akapitisha kidole kwenye ukucha, akashuka ubavuni, akaufikia ule ufa. Kidole kikasimama hapo. Akausugua, mbele, nyuma, mara ya tatu ili ahakikishe, kwa umakini ambao sijawahi kupewa na mtu miaka tisa ndani ya jengo lile.

"Mm," akasema, akalivuta dole gumba langu, akalizamisha ndani ya kikombe cha njano.

Sikubisha. Akachukua punje nyingine akaendelea na kazi, na mimi nikakiacha kidole pale pale, katikati ya wenzangu waliobunguliwa, mpaka kengele ya mapumziko ilipolia. Ukumbi siku hiyo haukupigwa deki.